Kiswahili Hakitoshi Kukufikisha Unguja

Hapa Uvira mtu akisema anataka kwenda Zanzibar, hujibiwa haraka: Kiswahili unakijua, Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, unatafuta maelezo gani tena? Maelezo ya safari, wanasema, ni ya Wazungu. Napinga. Mwongozo wa Mzungu kweli hautufai, lakini si kwamba sisi hatuhitaji mwongozo. Tunaingia visiwani kwa mlango mwingine, na mambo mengi kwetu yamegeuka juu chini.

Kwanza niwape haki yao. Njia ya kutoka Uvira hadi Unguja ina umri mkubwa kuliko mipaka yote iliyo katikati. Burton na Speke walipofika hapa kwa mitumbwi Aprili 1858, walikuwa wametoka Zanzibar kupitia Ujiji, wakifuata njia ya misafara ambayo watu wa pwani walishaizoea. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Na Kiswahili chetu, hata kikichekwa kidogo sokoni Darajani, kitakupunguzia bei. Ila afisa wa uhamiaji dirishani hapunguzi kitu.

Tatizo letu limezaliwa mpakani Kavimvira. Tumezoea kuvuka kwenda Gatumba na Bujumbura kwa jeto, kile kibali cha muda mfupi, au kwa karatasi ya CEPGL, mpaka tunadhani kila mpaka ni Gatumba. CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, iliundwa mwaka 1976 na nchi tatu: Zaire ya wakati ule, Rwanda na Burundi. Tanzania haimo. Upite Bujumbura ushike barabara, au upande meli Kalundu hadi Kigoma kisha treni, Tanzania utaingia kwa paspoti. Na kwa vita vya miaka hii, ulizia hali ya mpaka asubuhi ile ile unayoondoka. Habari ya juzi haikusaidii.

Paspoti usiifungie ndani ya mzigo ukishafika Dar es Salaam. Zanzibar na Tanganyika ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, lakini mgeni akishuka kwenye boti pale bandari ya Malindi anapita tena mbele ya watu wa uhamiaji. Tangu Oktoba 2024 kuna pia bima ya lazima kwa wageni wa nje, dola 44 kwa mtu mzima, inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Aliyeweka hesabu ya nauli peke yake atakwama hapo.

Tena dola zenyewe. Huku dola inalipa nyumba, inalipa shule, inalipa mchele wa jumla. Tanzania ilitoa kanuni Machi 2025 zinazokataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kulipiwa kwa pesa za kigeni. Badilisha upate shilingi, benki au kwenye duka la kubadilishia fedha. Faranga za Kongo ziache kwa mama watoto.

Kwenye afya ndipo mwongozo wa Mzungu unapotupoteza kabisa. Yeye anaambiwa ameze dawa asipate malaria visiwani. Lakini Zanzibar imeibana malaria kwa miaka mingi, kiwango cha maambukizi kikiwa chini ya asilimia moja, na sehemu kubwa ya wagonjwa wanaoonekana huko ni watu waliokuja nayo kutoka safarini. Wenyeji wanatuogopa sisi wa bonde la Ruzizi, na wana haki. Pima kabla ya kuondoka. Homa ikikushika huko, nenda kliniki siku hiyo hiyo na useme wazi umetoka wapi. Wenyeji wamefanya kazi ya miaka kuondoa ugonjwa huu. Kuurudisha kwa uzembe ni utovu mkubwa wa adabu kuliko kuvaa kaptula Mji Mkongwe.

Halafu kuna kiburi chetu cha maji. Mtu wa Kalundu anaamini kwamba aliyekulia ziwani hafundishwi bahari. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kwa miezi na miaka. Mwaka 2024 lilipoingia majumbani, lilikuja polepole na likakaa. Bahari ya Paje na Jambiani hutoka na kurudi mara mbili kwa siku, na bamvua inapofika tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Asubuhi unatembea kwa miguu hadi karibu na mwamba, kina mama wanalima mwani. Saa chache baadaye pale uliposimama ni kina cha kuzamisha mtu. Miiba ya urchini wa baharini ndiyo usiseme. Uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi kabla hujavua viatu, na hapo Kiswahili chako kitakufaa kweli.

La mwisho ni homa ya manjano. Mzungu anayeruka moja kwa moja kutoka kwao haulizwi kadi. Wewe uliyetoka Kongo utaulizwa, kwa sababu nchi yetu imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo inahitaji siku kumi kabla kadi haijakubalika, na tangu Julai 2016 kadi hiyo inatosha maisha yote. Basi usinunue kadi bila sindano, maana wapo wanaoiuza. Kachanjwe mapema, siku kumi hizo zitimie ukiwa bado nyumbani.