Bei ya motokari isikatwe vipande



Kila mwaka mahindi yakiisha kuvunwa, swali lile lile linarudi mu mikutano: "Mbona hatununui motokari yetu wenyewe?" Sababu iko wazi. Toka Kilwa paka Lubumbashi ni karibu kilometa 350, na mwenye kamio ndiye anayetuambia gunia litapanda kwa ngapi. Akiona mawingu ya mwezi wa kumi na moja, anaongeza. Tukilalamika, anasema barabara si yake.

Mimi sipingi wazo la kununua. Pikapu inabeba karibu tani moja, ni kusema magunia 20 ya kilo 50. Haiwezi kuondoa kamio, lakini inafika mu vijiji mahali kamio haiingii, inaleta mbegu na mbolea kwa wakati wake, na usiku inapeleka mgonjwa. Kooperative yenye hesabu safi inaweza kununua hata mpya. Ninachoona ni hiki: feza nyingi zinatupotea pale pale mu duka la motokari, hata mbele ya gurudumu kugusa vumbi la njia yetu. Na hazipotei juu ya ujinga wetu. Zinapotea juu bei inakuja vipande vipande, na kila kipande kinatukuta tumechoka zaidi.

Mwaka jana nilisindikiza wajumbe watatu wa kooperative moja ya upande wetu kwenda Lubumbashi: prezida, mama mtunza feza, na kijana mwenye ruhusa ya kuendesha. Waliniomba niende nao juu ya Kifaransa cha makaratasi. Mimi ni agronome, si fundi wa moteri, lakini kusoma fakture naweza.

Muuzaji alitupokea vizuri, maji baridi, viti laini. Macho yake yalikuwa kwangu tu, juu nilivaa jile ya shirika. Mama mtunza feza, mwenye kubeba jasho la wanachama wote mu kitabu chake, akauliza: "Hii motokari, paka ifike Kilwa na plaki yake, ni bei gani?" Jibu lilikuja kwangu: "Shefu, mwambie mama tuanze kwanza na modeli." Kisha akageukia prezida: "Baba, muko na ngapi?"

Fikirini hili swali. Mama anayeuza unga ku soko hakuulizi uko na ngapi mu mfuko. Anakuonyesha meka, anakuambia bei, unakubali ama unaenda kwa jirani yake. Ndiyo, meka nazo tunazijua, kuna zile zimegongwa chini zikaingia ndani. Lakini bei yake unaisikia mbele ya kufungua mfuko. Prezida wetu ni mzee wa heshima, hajazoea kujibu swali kwa swali, akataja hesabu yote. Toka pale hatukuzungumza tena bei ya motokari. Tulizungumza bei ya mfuko wetu.

Bei ya kwanza iliyoandikwa ilikuwa nzuri, hata prezida alitabasamu. Pembeni kulikuwa na herufi mbili ndogo: HT, ni kusema hors taxe, bila kodi. Wandugu, hizi herufi mzijue kama mnavyojua kiwavi cha mahindi. TVA iko mu inchi yetu tangu Januari 2012, na ni 16 kwa mia. Tuseme wanakuandikia dola 30.000 HT. Kodi yake ni dola 4.800. Motokari inakuwa 34.800 mbele hata ya kuuliza plaki. Gawanya zile 4.800 kwa bei ya gunia lako, uone ni mashamba ya watu wangapi.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa mashirika, na lazima niliseme. Mashirika mengi ya misaada yanapata msamaha wa kodi kwa vitu vya miradi yao. Wauzaji wamezoea kutuandikia HT, na kwetu hiyo ndiyo bei ya kweli. Mkulima akiona jile ya shirika imekaa kando yake, anafikiri ile bei ni yake pia. Si yake. Msamaha ni wa shirika na wa mradi wake, kooperative inayonunua kwa feza yake inalipa kodi kama mnunuzi mwingine. Sijasikia muuzaji hata mmoja aliyeeleza hili bila kuulizwa.

Kisha vikaja vingine: plaki, karte roze, asiransi, "kufungua dosie", "kutayarisha motokari". Nikauliza kutayarisha ni nini. Ni kuosha na kuondoa plastiki ku viti! Juu ya asiransi, walisema ni lazima tuchukue ile wanayoleta wao. Si lazima. Motokari bila asiransi haiwezi kutembea, hiyo ni kweli, lakini toka sheria ya tarehe 17 Machi 2015 SONAS haiko tena peke yake mu ile kazi. Unaweza kuuliza bei kwa kampuni zaidi ya moja.

Kila kipande, ukikitazama peke yake, ni kidogo. Ndiyo maana hakuna anayesimama na kusema basi. Umekwisha kukubali 30.000, utakatalia dola 150 za dosie?

Halafu kuna siku. "Patroni haiko, punguzo ni yeye tu anatoa, rudini kesho." Kesho yake patroni alikuwa mu mkutano. Siku ya tatu tuliambiwa rangi tuliyochagua haipo, lakini kuna nyingine njiani, imefika Kasumbalesa. Mwenye kujua njia ya mizigo anajua neno hili lina upana gani. Motokari nyingi zinazokuja kwetu zinateremka ku bandari ya Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Nakonde, zinavuka Zambia yote, kisha zinangoja duane Kasumbalesa. Kungoja kule kunaweza kuwa siku mbili, kunaweza kuwa mwezi. Na kila siku tuliyongoja ilikuwa chumba cha kulala, bukari, na taksi, kwa watu wane. Muuzaji analala kwake. Anajua mumetoka Kilwa, anajua hamutaki kurudi mikono mitupu. Wavuvi wa Moero watanielewa: ni kama mnunuzi anayekaa kwenye kivuli paka jua lipande juu ya samaki wenu.

"Hii bei ni ya leo tu," alisema Jumanne. Ijumaa ilikuwa bado ya leo.

Ijumaa hiyo walituomba avansi, nusu ya bei, kwa karatasi yenye mistari mitatu tu. Wakati kijana wetu anapiga simu inje, mtu mmoja wa pale alininong'oneza kwamba nikiwasukuma wajumbe watie sahihi, yangu iko. Mumesikia vizuri. Ile "yangu" ingetoka wapi? Mu ile ile bei, kwa jasho la wanachama. Nilimwambia prezida na mama palepale, na nawaomba kila mtu anayewasindikiza, hata akiwa agronome, hata akiwa mtoto wa kijiji, mumuulize mbele ya wote kama ameahidiwa kitu.

Mama mtunza feza hakulipa. Alisema: "Mutuandikie bei moja, motokari na makaratasi yake yote, siku ya kuipokea, na feza yetu inarudi namna gani kama hamuileti. Muandike, tulipe." Hawakuandika. Tulirudi bila motokari.

Ku mkutano mama alisemwa vibaya. Wengine walisema amekula feza ya safari bure, wengine kwamba anaogopa maendeleo. Ndiyo maana naandika. Mimi nilikuwa pale, na maoni yangu ni kwamba ile siku yeye alikinga kooperative kuliko sisi wengine wote. Safari ni hasara, ndiyo, hesabu yake iko na wanachama wameiona. Lakini avansi bila karatasi nzuri ingeweza kumeza misimu miwili.

Kuna wenzangu watasema dawa inajulikana: proforma tatu. Ni sharti la mashirika karibu yote. Sipingi, lakini nimeona proforma tatu zenye makosa yale yale ya kuandika, juu zimetoka mu mashine moja. Na hata zikitoka kwa watu watatu wa kweli, moja ni HT, ya pili ina kodi bila plaki, ya tatu haina pine ya akiba. Utalinganisha nini? Ni kama kulinganisha mahindi mabichi na makavu kwa kilo. Ukiwa umeuliza vibaya, karatasi tatu hazikusaidii kuliko moja.

Hata kwa wenye nguvu shida hii haikuisha. Marekani, sheria ya 1958 inalazimisha kila motokari mpya ibandikwe karatasi ku dirisha, yenye bei ya kiwanda na vitu vilivyoongezwa. Kule pia watu bado wanabishana na kuongezewa vipande, lakini angalau wanaanza na karatasi iliyoandikwa. Kwetu bei ni huru. Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 inasema hivyo. Basi huo uhuru tuutumie na sisi: muuzaji ana haki ya kuweka bei yake, na sisi tuna haki ya kumuachia motokari yake.

Mimi ningependa maneno ya bei yafanyike tukiwa Kilwa. Simu iko, mtu wa kupeleka karatasi iko. Kooperative iandike ombi moja, lile lile kwa maduka yote: motokari ya namna gani, bei moja yenye kodi na makaratasi yote, siku ya kuipokea, namna ya kulipa. Kipimo cha juu kabisa kiwekwe na mkutano, kiandikwe mu kitabu, na kisitoke inje. Wajumbe waende Lubumbashi kutazama na kulipa, si kubembeleza. Wawe zaidi ya mmoja, na mwenye kusema awe ni yule mwenye kitabu. Noti za dola wazitazame moja moja mbele ya kutoka. Munajua wenyewe, mpasuko mdogo kama ukucha na noti inakataliwa, ama wanaikata bei.

Na garanti. Hapa watu wengi hawaulizi, na kwetu ndiyo penye maumivu. Garanti mara nyingi inasema vidanje na kazi zote zifanyike kwao, kila kilometa elfu kadhaa. Kwenda na kurudi Lubumbashi ni kilometa 700! Ni kusema sehemu kubwa ya njia ya motokari itakuwa ni kwenda kutibiwa. Tuombe waandike kwamba fundi wetu anaweza kufanya vidanje Kilwa, kwa mafuta na filtre tulizonunua kwao, na fakture tukaichunga. Tuulize tena juu ya mazuti. Sisi tunanunua mazuti ya bidoni, na saa ingine ndani iko maji na uchafu. Moteri nyingi za kisasa haziwezi kuvumilia hiyo, na moteri ikikufa watasema: mafuta yenu ni mabaya, garanti imeisha. Heri moteri ya namna ya zamani, na filtre ya kutenga maji, kuliko viti vya ngozi.

Kuna wanaosema tuache mpya, tuchukue iliyokwisha kutumika, usukani kuume, kama zile za Zambia na Tanzania. Hiyo ni habari nyingine, yenye maswali yake ya duane na ya usalama, sababu huku kwetu tunatembelea upande wa kuume. Tutaiandika siku ingine.

Ile kooperative imetuma ombi lake kwa maduka matatu. Moja halikujibu. La pili liliuliza tena: muko na ngapi? La tatu liliandika bei moja, yote ndani. Ni kubwa kuliko ile ya kwanza iliyomfanya prezida atabasamu, na ni ndogo kuliko vipande vyote tulivyohesabu ile Ijumaa. Juu ya garanti hawajajibu vizuri. Mkutano wa wanachama utakaa mbele ya mvua, na mama mtunza feza ndiye atakayesoma karatasi.

Kooperative yenye kutaka mfano wa ile barua ya ombi, iulize ofisi yetu ya Kilwa. Ni ukurasa mmoja, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili.