Shamba la Marehemu kwa Nywele za Istanbul

Wacha niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: sina ugomvi na mwanaume anayetaka nywele. Mimi mwenyewe nina miaka 26, uwaraza ushaingia pande zote mbili za paji, na vinyozi wa Ukunda wananiuliza "tuchonge wapi hapa, bro?" kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Ugomvi wangu uko na wanaomwambia kijana wa umri huu akapandikizwe sasa hivi, auze kitu alipe, halafu awe amemaliza. Hamalizi. Hapo ndipo uongo ulipo.

Rafiki yangu mmoja wa Diani anatembeza wageni baharini. Ana miaka 24. Wakala amempigia hesabu kwenye simu: ndege, hoteli, operesheni, dawa, karibu laki nne. Hana laki nne. Ana sehemu yake katika shamba la marehemu babake kule Msambweni, na ashaanza kutafuta mnunuzi. Kwa msomaji wa Kwale sina haja ya kueleza shamba ni nini. Tumekulia ndani ya kesi za ardhi, tumeona wazee wakiitwa maskwota palepale walipozikwa babu zao. Sasa kipande kilichosalimika kinakwenda kwa ajili ya paji la uso.

Msimcheke. Kazi ya ufukweni inauza sura, kila mtu anajua. Mimi nilipoacha chuo niliomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja, meneja akaniangalia kichwani akasema naonekana mzee kuliko kitambulisho changu. Kazi sikupata. Kwa hiyo wazee wakija na maneno yao, nyoa zote, vaa kofia, kipara ni pesa, huwa sijibu vizuri. Kofia ni yetu na tunaivaa, lakini mapokezi unaambiwa uivue. Na mzaha wa kipara ni pesa tuuache kabisa: mwaka 2017 polisi wa Msumbiji waliwaonya wenye vipara wilayani Milange, baada ya wanaume kuuawa na watu walioamini kichwa cha namna hiyo kina dhahabu.

Turudi kwa wakala. Upara wa kiume hauji siku moja. Homoni iitwayo DHT, inayotokana na testosteroni, hudhoofisha mashina ya nywele za mbele na utosini kwa waliorithi udhaifu huo. Mwaka hadi mwaka shina linakuwa jembamba mpaka linatoa unyoya tu. Za kisogoni kwa kawaida hazidhuriki. Daktari Norman Orentreich wa New York alionyesha, miaka ya 1950, kwamba nywele ya kisogo ukiihamishia mbele inabaki na tabia ya kisogo. Biashara yote imesimama juu ya jambo hilo. Lakini lisome na upande wa pili: iliyohamishwa inabaki, jirani zake wanaendelea kuanguka. Ukipandwa mstari wa mbele na miaka 24, na upara wako una safari ya kufika utosini ukiwa na 40, utabaki na kichaka mbele na utupu nyuma yake, Kisiwa cha Chale kichwani. Utarudi tena mezani. Na kisogo ni akiba isiyoongezeka, manake shina lililotolewa haliachi mbegu pale lilipotoka.

Wayne Rooney alitangaza operesheni yake Juni 2011, akiwa na miaka 25. Baadaye ikaripotiwa amerudi kwa nyingine. Yeye alikuwa na mshahara wa Manchester United.

Sasa hicho kisogo chenyewe. Katazameni visogo vya vijana kwa kinyozi yeyote, kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga: vipele vigumu vya mashine, vingine vishakuwa makovu. Hiyo ndo ghala wanayotaka kuchota. Nywele zetu za kipilipili zimejikunja hata chini ya ngozi, na mtoboaji asiyeujua mkunjo huo anazikata njiani, zinakufa. Ngozi yetu nayo huota makovu ya kuvimba kuliko ya Mzungu. Wapo madaktari wanaoiweza kazi hii kwa kichwa cha Mwafrika, sikatai. Ila kuna kliniki za bei ya chini ambako daktari ni wa kwenye picha na wanaotoboa ni mafundi. Chama cha kimataifa cha wapasuaji wa nywele, ISHRS, kimelipigia kelele jambo hilo kwa miaka.

Na siku za baadaye, nani anamweleza mtu wa Pwani? Siku za mwanzo huinami ovyo, na hapo palipopandwa pasiguswe. Sijida je? Najua mgonjwa ana ruhusa ya kuashiria, lakini hilo umuulize imamu kabla hujakata tiketi. Jua la Diani, hapana. Maji ya chumvi, hapana, wiki kadhaa. Helmeti ya boda, hapana. Kisha ndani ya wiki chache nywele zilizopandwa zinapukutika, zinaanza kuota tena baada ya miezi mitatu minne, na matokeo kamili unayangoja karibu mwaka. Mtu anayekula kwa bahari na jua atakula nini muda huo?

Halafu dawa. Ili wale jirani wasiendelee kuanguka utaambiwa upake minoxidil na umeze finasteride. Minoxidil vijana wanaijua, wanapaka kidevuni kutafuta ndevu. Ilianza kama dawa ya presha. Finasteride iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya upara mwaka 1997, na kwa wachache hupunguza hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wakala halitaji kwa kijana anayetafuta nywele ili apendwe. Ukiziacha, zilichokuokolea kinapotea ndani ya mwaka hivi. Kama dawa ni lazima baada ya operesheni, mbona usianze nazo, kwa daktari wa ngozi, shamba likiwa bado lako? Huyo daktari ataangalia pia kama huo ni upara kweli ama ni maradhi mengine.

Dada zetu walioliwa kingo za nywele na misuko ya kubana wao huambiwa tu wajifunge mtandio. Na mara nyingi hao, wakishaacha kubana na hali ikatulia, ndio ambao kupandikiza kungewafaa zaidi ya huyu wa miaka 24. Sijaona wakala akiwafuata.

Nimewauliza mawakala watatu swali moja: nionyesheni picha za mwanaume mweusi, aliyepandwa na miaka 24, alivyo miaka kumi baadaye. Wawili walinitumia picha za Wazungu. Wa tatu alinipunguzia bei.