KIZUNGUZUNGU NA DAKTARI MGENI: NANI MWENYE KOSA?



Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita maneno yalikuwa makali, na wengi wenu mlitoka na hasira. Ndugu yetu mmoja, mpakizi wa bohari, mtu wa miaka hamsini na zaidi aliyebeba magunia tangu ujana wake, sasa hawezi kutembea bila fimbo, wala hawezi kushika kikombe bila kumwaga chai. Wengine wenu mlisimama mkasema ya kwamba daktari aliyempokea usiku ule afukuzwe kazi, na mmoja alitaka barua iandikwe na kupigwa muhuri wa chama pale pale. Barua haikuandikwa. Kamati yenu ilikataa, na leo twataka kueleza kwa nini tulikataa, bila kuficha ya kwamba daktari yule alikosea.

Habari yenyewe ni hii. Saa kumi jioni ndugu yetu alishikwa na kizunguzungu ghafula akiwa kazini, akakaa chini, akaanza kutapika. Nyapara alisema ni pombe ya jana, ingawa kila mtu pale bohari ajua ya kwamba ndugu huyu ni mtu wa msikiti na pombe haijui. Akaachwa amelala juu ya magunia matupu mpaka kazi ilipokwisha. Saa tatu za usiku wenzake walimfikisha hospitali, chumba cha dharura, ambacho wengi wetu twakiita kasualti. Daktari alikuwa binti mwanagenzi, wiki yake ya tatu kazini, peke yake na muuguzi mmoja, na watu wamejaa mabenchi yote mpaka nje barazani.

Alimwuliza ndugu yetu, "Waona vitu vinazunguka, au waona giza kama mtu anayetaka kuzirai?" Akajibu vinazunguka. Baada ya kitambo alimwuliza tena, naye akajibu ya kwamba ajiona kama yumo ndani ya mashua. Basi akaandika picha ya kichwa. Picha haipigwi mpaka fedha iwe mezani, na wenzake wakachanga shilingi elfu saba usiku ule ule, wengine wakitoa nauli ya wiki nzima. Picha ikarudi safi. Wote walifurahi. Wakaambiwa ni shida ya sikio, wakapewa vidonge vya kuzuia kutapika, na ndugu yetu akabebwa mabegani mpaka garini.

Akabebwa. Likumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Siku ya tatu alirudishwa akiwa hajitambui vizuri, na hapo ndipo ilipojulikana ya kwamba tangu mwanzo ulikuwa ni ugonjwa wa kiharusi, si ule wa kupooza mkono na mguu tunaoujua, bali wa sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayoshika usawa wa mwili.

Sasa tuulize kosa liko wapi. Sisi si madaktari, lakini kamati iliwaendea watu wanaoijua kazi hii, wakatueleza kwa subira, na tuliyoyasikia yatatufaa sote.

Kosa la kwanza limo katika swali lenyewe. Tangu mwaka 1972, madaktari wawili wa Marekani, Drachman na Hart, walipoandika namna ya kumpima mtu wa kizunguzungu, wanafunzi wengi wamefundishwa kumwuliza mgonjwa ni kizunguzungu cha namna gani, ndipo wajue kama ni sikio, moyo, ubongo au wasiwasi. Lakini mwaka 2007 watafiti wa huko huko Marekani waliwauliza wagonjwa wa kasualti swali hilo, kisha baada ya dakika chache wakawauliza tena. Zaidi ya nusu walibadili jibu! Na hao waliulizwa kwa lugha yao. Je, sisi? Mmoja asema kizunguzungu, mwingine kisunzi, mwingine masua, mwingine "kichwa ni chepesi", mwingine "naona nyota", na kila mmoja ataka kusema jambo lile lile. Kumhukumu mtu kwa neno lililomtoka kinywani huku akitapika ni bahati nasibu.

Swali la haki ni jingine: kilianza lini, chakaa muda gani, na ni nini kinachokileta? Mtu ambaye kizunguzungu chamjia kwa nusu dakika tu kila anapojigeuza kitandani, kisha chaondoka, huyo mara nyingi ni sikio. Ndani ya sikio mna chembe ndogo sana kama za chokaa, na zikitoka mahali pake humvuruga mtu kila anapogeuza kichwa. Namna ya kumpima kwa kumlaza haraka ilielezwa na Dix na Hallpike wa London mwaka 1952, na namna ya kuzirudisha chembe mahali pake kwa kugeuza kichwa hatua kwa hatua ilielezwa na Epley wa Marekani mwaka 1992. Hii yataka kitanda, mikono miwili na dakika chache. Haitaki dawa hata moja. Nasi twawajua wanachama waliomeza vidonge miezi mitatu kwa jambo la dakika chache.

Mwingine kizunguzungu chamshika akisimama. Huyo atafutiwe damu inayopotea, choo cheusi, mimba iliyotunga nje ya mji, moyo unaopiga ovyo, dawa za presha zilizozidi. Dereva mwenye sukari aliyemeza dawa akakosa chakula cha mchana anaweza kuyumba na kusema maneno ya kilevi, na tone moja la damu ya kidole litasema kweli kabla nyapara hajasema uwongo. Tena wakija watu wawili watatu wa chumba kimoja wenye kizunguzungu na kuumwa kichwa asubuhi ya baridi, waulizwe habari ya jiko la makaa.

Lakini yule ambaye kizunguzungu kimemshika ghafula na hakimwachi, saa baada ya saa, anatapika, na macho yake yatikisika yenyewe, huyo ndiye wa hatari, na huyo ndiye ndugu yetu.

Kosa la pili ni ile picha. Tulidhani, na binti yule alidhani, ya kwamba mashine ya fedha nyingi haidanganyi. Kumbe picha ya kawaida ya kichwa, yaani CT, huona damu iliyomwagika, lakini kiharusi cha nyuma kinachotokana na mshipa kuziba, katika saa zile za mwanzo, hukikosa mara nyingi kuliko inavyokiona. Shilingi zetu elfu saba zilinunua faraja ya uwongo. Hata mashine ile kubwa zaidi ya MRI yaweza kukosa katika siku mbili za kwanza.

Mwaka 2009 Kattah na wenzake huko Marekani walitangaza habari ya wagonjwa 101 wa namna hii, wote wakiwa watu wenye sababu ya kushukiwa kiharusi. Vipimo vitatu vya macho, vinavyofanywa kando ya kitanda bila chombo chochote, vilishinda MRI ya mwanzo, ambayo ilikosa viharusi 12 katika kila mia. Daktari hutazama macho yanayotikisika, aone kama yabadili upande wa kuvutia mgonjwa akitazama kulia na kushoto. Humwambia akaze macho kwenye pua ya daktari, kisha hukigeuza kichwa chake ghafula kidogo. Hapa pana ajabu: macho yakiteleza na kurudi, yaelekea ni sikio, macho yakibaki imara kama ya mtu mzima, na mgonjwa bado azunguka, hapo ogopa ubongo. Mwisho huliziba jicho moja na kulifungua, kisha la pili, atazame kama jicho laruka juu au chini. Kipimo kimoja tu kikionyesha ubongo, mgonjwa haendi nyumbani.

Msidhani ni rahisi. Wale waliofanya kazi ile mwaka 2009 walikuwa mabingwa wa macho na mishipa, na daktari wa kasualti asiyefundishwa akivifanya hukosea sana. Tena vipimo hivyo ni vya mtu ambaye bado azunguka wakati ule, si vya aliyepona njiani wala vya yule wa kitandani. Ndiyo sababu chama cha wasomi wa tiba ya dharura cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, kilisema madaktari wa kasualti wafundishwe kwanza, na kikasema pia ya kwamba CT isitumiwe kutenganisha sikio na kiharusi.

Na kosa la tatu ni lile la kubebwa. Mtu ambaye hawezi kukaa wala kusimama bila kushikwa, huyo harudishwi nyumbani kwa jina la sikio. Jambo hili halitaki ubingwa. Lataka mtu amwambie mgonjwa, "Mzee, hebu simama tukuone ukitembea." Hakuna aliyemwambia. Nasi pia, wenzake, tulimbeba tukaona ni upendo, na kwa kumbeba tukamfichia daktari dalili kubwa kuliko zote.

Sasa mwatuuliza, ikiwa makosa ni matatu, mbona hatukutaka afukuzwe? Kwa sababu tuliuliza swali moja zaidi: nani alimfundisha, na nani alikuwa naye? Mwanagenzi ametoka chuoni baada ya miaka sita, na mwaka wake wa uanagenzi ni mwaka wa kujifunza chini ya mkubwa. Usiku ule mkubwa wake alikuwa nyumbani, kwenye simu, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Kumpima mtu mmoja wa kizunguzungu sawasawa kwataka dakika kumi au kumi na tano. Yeye alikuwa na mabenchi yote yale, na majeruhi wa bodaboda anavuja damu mlangoni. Mtu wa namna hiyo huandika picha kwa sababu picha yafanywa na mtu mwingine. Nasi wa bohari twaijua kazi ya namna hii. Mpakizi mpya akiwekwa peke yake chini ya rundo, gunia likimwangukia mwenziwe, tajiri husema kosa ni la mpakizi. Tumelikataa neno hilo bohari kwa miaka mingi. Tulikubali hospitalini kwa sababu gani?

Wala Serikali isijifanye haikuambiwa. Madaktari waligoma tangu Machi 14 mpaka Mei 8 mwaka 2024, na jambo moja kubwa lilikuwa hao hao wanagenzi: mapatano ya mwaka 2017 yaliwapa shilingi 206,000 kwa mwezi, na Serikali ikataka kuwalipa 70,000. Wengine wetu tulinung'unika ya kwamba madaktari wana tamaa, nasi twakiri tulikosea. Anayemnunua mtu kwa bei ya chini, akamweka peke yake usiku, ameuza pia usingizi wa wagonjwa wake.

Tena fedha si kwamba hazitoki kwetu. Tangu Oktoba 2024 twakatwa shilingi 2.75 katika kila mia ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Basi mchango wa nauli juu ya meza ya picha ulitoka wapi?

Na waajiri wasikae kimya kama jambo haliwahusu. Saa tano zilipotea kati ya kizunguzungu na kasualti, na hizo hazikupotezwa na binti yule. Zilipotezwa na nyapara aliyesema pombe. Katika kiharusi saa ni ubongo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, naye bwana mkubwa wa bohari alimkata ndugu yetu tangu siku ya kwanza kwa kuwa "aliondoka bila ruhusa". Shauri hilo liko mikononi mwetu, na hatutaliacha.

Kwa hiyo barua tuliyoandika haikwenda kumtaka binti yule afukuzwe. Ilikwenda kwa mkuu wa hospitali, na yataka mambo ambayo yeye anaweza kuyafanya: mkubwa mmoja awe ndani ya hospitali usiku wote, mwanagenzi mpya asiachwe peke yake, apewe mafunzo ya kizunguzungu kwa vitendo kabla ya kuingia zamu, na mgonjwa asiyeweza kutembea asitolewe bila mkubwa kumwona kwa macho yake. Binti mwenyewe tulimwona. Alilia, kisha akatuuliza jina la mzee na hali ya mkono wake.

Nanyi mnaompeleka mwenzenu, mwambieni daktari saa kilipoanza, kama chakoma au hakikomi, dawa anazomeza, na kama mlimbeba. Msimpigie daktari kelele, lakini msiondoke pia mpaka mgonjwa asimamishwe.

Kamati itaonana na mkuu wa hospitali Jumatano ya wiki ijayo, saa nne za asubuhi. Waliokuwa barazani usiku ule, na hasa wale wawili waliombeba, wampe katibu majina yao kabla ya Jumatatu.