Kofia ngumu ya dogo isipomkaa, itaishia kwenye usukani

Shabiki wa Chelsea wa miaka ile haisahau Oktoba 14, 2006. Mechi na Reading haijamaliza hata dakika ya kwanza, goti la Stephen Hunt likagonga kichwa cha kipa Petr Čech. Fuvu likapasuka. Čech akafanyiwa upasuaji, akakaa nje miezi mitatu, na Januari 2007 akarudi langoni dhidi ya Liverpool akiwa na kofia laini kama wanazovaa wacheza raga. Aliendelea kuivaa hadi anastaafu mwaka 2019.

Miaka yote hiyo mashabiki waliizungumzia kofia ile kwa habari ya usalama tu. Jambo moja lilipita bila kusemwa: kofia yenyewe ilibidi imkae. Kipa anayewashwa kichwani, au ambaye kofia inamshukia machoni kila akiruka, hawezi kudaka krosi. Čech aliivaa miaka 12 kwa sababu aliweza kufanya kazi yake nayo.

Sasa tuje Arusha. Jiji limechangamka. Uwanja wa AFCON 2027 uko Olmoti, jezi za watoto zinauzwa kila kona, na Jumamosi asubuhi madogo wanakwenda mazoezini na baiskeli, viatu vya mpira vimening'inia kwenye usukani. Wanaotoka Ilboru, Sekei na Sanawari wanashuka na mteremko wa Meru moja kwa moja hadi barabara kubwa yenye daladala, bodaboda na magari ya watalii.

Wengi wao hawana kofia ngumu kabisa. Hilo linajulikana na limeshasemwa sana. Linaloumiza zaidi ni la wale wachache ambao wazazi wao walijipiga wakanunua, halafu kofia inaonekana imening'inia pale pale kwenye usukani, pembeni ya viatu. Dogo aliivaa mpaka getini, alipokata kona akaivua.

Mzazi akigundua, lawama zote zinamwangukia mtoto. Mkaidi huyo, hasikii, akianguka atajifunza. Hapo ndipo wakubwa wanapokosea. Mtoto wa miaka mitano au sita anayevua kofia kila dakika mara nyingi anasema kitu ambacho hajui kukieleza: inabana, inachoma, inanuka, inamziba macho. Kabla ya kuchukua fimbo, mzazi aichukue kofia aiangalie.

Kama kuna anayedhani hilo ni kumdekeza mtoto, awaangalie waendesha baiskeli wa kulipwa. Mwaka 1991 chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kilitaka kofia ziwe lazima. Waendeshaji wa Paris–Nice wakagoma, wakisema zinawatesa kwa joto, na sheria ikarudi kabatini. Ilichukua kifo cha Andrei Kivilev wa Kazakhstan, aliyeanguka bila kofia kwenye mashindano hayo hayo Machi 2003, ndipo UCI ikafanya kofia kuwa lazima. Hata baada ya hapo, mwanzoni waliruhusiwa kuivua kwenye mlima wa mwisho. Kama wanaume wazima wanaolipwa mshahara waligoma kwa sababu ya joto, dogo wa Kijenge anayepanda kilima jua la Januari atavumilia vipi?

Kosa la kwanza linafanyika dukani. Wabongo wana tabia ya kununua nguo ya shule kubwa ili mtoto aikulie. Kwa sweta haina neno. Kwa kofia ngumu ni hatari, maana kofia kubwa inarudi nyuma na kuacha paji la uso wazi, au inashuka machoni wakati dogo anahitaji kuona gari. Mzazi achukue futi ya fundi cherehani, aizungushe kichwa cha mtoto juu kidogo ya nyusi, aende dukani na hicho kipimo. Namba za sentimita huwa zimeandikwa ndani ya kofia. Bora zaidi, aende na mtoto mwenyewe, amwache achague rangi. Dogo wa Yanga akipata ya kijani au wa Simba akipata nyekundu, nusu ya kazi imekwisha.

Kofia ikae bapa kichwani, vidole viwili juu ya nyusi. Mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya sikio kama herufi V, isilipitie sikio lenyewe. Kidevuni mkanda ubane kiasi cha kuruhusu kidole kimoja au viwili kupita. Kisha mtoto atikise kichwa kama anakataa chakula. Kofia ikicheza, bado. Ikimwachia alama nyekundu kwenye paji, inabana mno.

Halafu kuna bakuli. Mzazi akimfinya mtoto ngozi ya kidevu siku ya kwanza wakati anafunga, hiyo kofia ina kesi ya kudumu. Aweke kidole chake kati ya bakuli na ngozi ndipo afunge. Ni jambo dogo, ila watoto wana kumbukumbu ndefu kwa kitu kilichowauma.

Nywele nazo zina sehemu yake. Binti aliyesukwa vifundo vya juu hawezi kuvaa kofia ngumu bila maumivu, na haikai sawa. Siku za mazoezi asukwe mistari inayolala kichwani. Anayevaa hijabu avae ya kitambaa chepesi, safu moja, isiyo na fundo kwa nyuma. Na asubuhi za Julai, baridi ya Meru inaposhuka, mzazi asimvalishe kofia nene ya sufi chini ya kofia ngumu aliyoipima bila sufi. Ama aipime upya, ama amfunike shingo na masikio kwa namna nyingine.

Usafi usisahauliwe. Abiria wengi wa bodaboda wanaikataa helmeti ya dereva kwa sababu ya jasho la waliotangulia na hofu ya mapunye. Mtoto naye ana pua. Sponji za ndani zioshwe kwa sabuni ya kawaida na zikauke kivulini, na kila mtoto awe na yake. Ya mtumba inunuliwe kwa uangalifu. Kama ina ufa au povu gumu la ndani limebonyea, imeshapokea kipigo cha mtu mwingine na haina kazi tena. Hata mpya, ikishaanguka na mtoto vibaya mara moja, ibadilishwe.

Baada ya hapo ndiyo mazoea. Hakuna kocha anayempa mchezaji viatu vipya asubuhi ya fainali. Kofia nayo ianze nyumbani, dakika tano wakati dogo anaangalia katuni, kesho kumi, keshokutwa azunguke nayo uani. Kisha sheria iwe moja isiyo na mjadala: hakuna kofia, hakuna baiskeli. Mtoto mdogo anaizoea haraka sheria isiyobadilika. Inayomchanganya ni ile ya leo ndiyo, kesho haya nenda tu ni hapo karibu.

Na wakubwa nao wajitazame. Baba anayemleta mwanawe mazoezini na pikipiki huku helmeti yake kaivaa kwenye kiwiko ameshamfundisha mtoto kofia inavaliwa wapi. Kocha anayefika kichwa wazi na baiskeli ni vilevile. Timu za watoto za Arusha, ambazo zinasisitiza soksi zipande na jezi zichomekewe, zinaweza kabisa kuweka kanuni kwamba anayekuja na baiskeli anaingia getini na kofia kichwani. Kocha akisema, mtoto anasikia kuliko akisema mama. Kila mzazi wa mwanasoka analijua hilo.

Mpaka wake ujulikane pia. Kofia ngumu ya baiskeli haiingii uwanjani, maana itawaumiza wenzake. Sheria ya nne ya soka inaruhusu vikinga kichwa laini visivyo hatari, kama cha Čech au kile alichorudi nacho Raúl Jiménez mwaka 2021 baada ya kupasuka fuvu. Hata hivyo kikinga hicho hakimzuii mtoto kupata mtikisiko wa ubongo, na tangu 2020 England haiwafundishi watoto wa shule za msingi kupiga vichwa mazoezini. Na dogo akishuka kwenye baiskeli kwenda kupanda mti au bembea, aivue, kwani mkanda unaweza kunasa na kumkaba.

Atatokea wa kusema haya ni mambo ya watu wa Njiro wenye hela. Kofia ni gharama, hakuna ubishi, na mzazi ambaye hana hajakosea chochote. Lakini hoja hapa ni ya yule aliyekwisha toa fedha yake. Kuibadilisha mikanda, kuosha sponji, kumsuka binti mistari na kumzoesha dogo dakika tano haviongezi hata shilingi.

Jumamosi ijayo watoto watashuka tena kutoka Sekei. Mzazi mwenye kofia ndani ya nyumba aitoe leo jioni, amkalishe mtoto, amuulize inamuuma wapi. Halafu airekebishe hapo hapo, kabla ya kumwambia neno lolote kuhusu ukaidi.