Redio ya Kuzungusha si Sadaka ya Maskini



Ziko fikira mbili zinazotupotosha tunapozungumzia mawasiliano katika vijiji vyetu. Ya kwanza husema kwamba redio ni chombo cha wazee, na kwamba simu imekwisha kuizika. Ya pili huletwa na watu wenye nia njema: husema kwamba kijiji kisicho na umeme kigawiwe redio za kuzungusha kwa mkono, kipigwe picha, kisha kiachwe. Sisi tunazikataa zote mbili. Tunasema kwamba redio ya kuzungusha inatufaa, na inatufaa sana, lakini kwa masharti. Masharti hayo hayamo katika mpini wake, yamo kwa watu wanaoushika.

Tukitazame kwanza chombo chenyewe. Mwaka 1991 Mwingereza mmoja, Trevor Baylis, alitazama kipindi cha televisheni kuhusu kuenea kwa UKIMWI barani Afrika. Alielewa kwamba mafundisho ya kujikinga yangeweza kufika vijijini kwa njia ya redio, ila umeme haukuwako na betri zilikuwa ghali. Basi akabuni redio yenye springi ya chuma. Mtu huikaza springi kwa mkono, nayo ikijilegeza polepole huzungusha dinamo ndogo inayotoa umeme. Katikati ya miaka ya 1990 redio hizo, kwa jina la Freeplay, zilianza kutengenezwa Cape Town, katika kiwanda kilichoajiri pia watu wenye ulemavu. Baadaye springi iliachwa: mpini ukawa unajaza betri ndogo ya ndani, na kipande cha sola kikaongezwa. Mwaka 2003 ikatoka ile iitwayo Lifeline, iliyokusudiwa hasa yatima na nyumba zinazoongozwa na watoto, na jirani zetu wa Rwanda walikuwa miongoni mwa walioipokea.

Faida yake haihitaji maelezo marefu kwa mtu wa uwanda wa Ruzizi. Sote tumeona betri zilizochoka zikianikwa juani ili zipate pumzi ya mwisho, kisha zikitupwa shambani au mtoni, ambako watoto huziokota na kuzichezea. Sote tunajua pia kwamba katika nyumba nyingi anunuaye betri ndiye mwenye redio. Akienda kwenye pombe, sauti huondoka naye. Mama na watoto hubaki bila habari. Redio ya kuzungusha huvunja utawala huo mdogo, kwa kuwa mjane, msichana na mzee wote wana mkono.

Wako watakaotujibu kwa uchungu: “Kwa nini sisi tuzungushe mpini, wakati mto wetu unawasha taa za wengine?” Swali hilo ni la haki. Maji ya Ruzizi, kabla ya kuufikia uwanda wetu, huzungusha mitambo ya Ruzizi I tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na ile ya Ruzizi II tangu 1989, ambayo umeme wake hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Hata hivyo nyumba nyingi za uwandani hulala gizani. Mtu asitumie redio ya mpini kutuambia tunyamaze juu ya jambo hilo. Umeme tutaendelea kuudai. Lakini anayedai mlango wa nyumba hakatai mwavuli wakati mvua inanyesha. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba nyingi za Uvira, watu hawakuwa na nafasi ya kungoja waya uvutwe. Katika saa kama hizo chombo chenye nguvu ni kile ambacho mtu anaweza kukiamsha mwenyewe.

Na simu je? Hatuidharau. Lakini simu hutaka chaji, hutaka vocha, hutaka mnara ulio hai. Tena simu hutuletea uvumi wa kila aina bila kutuambia nani kausema. Wakati wa kipindupindu, ambacho Uvira inakijua kwa miaka mingi, ujumbe wa uongo unaweza kuua kama maji machafu yanavyoua. Sauti ya redio ina anwani: mtangazaji ana jina, kituo kina mlango unaoweza kubishwa, na familia nzima husikiliza pamoja bila kulipa hata faranga moja.

Hata hivyo, sauti hiyo nayo haiji yenyewe. Mwaka 1994, ng’ambo ya mpaka, RTLM ilionyesha kwamba redio ndogo ya mkononi inaweza kubeba wito wa kuua. Mwaka huohuo Redio Agatashya ilianza kusikika kutoka Bukavu, ili wakimbizi na wenyeji wapate habari zisizo na chuki. Kisha vita vikatufikia sisi. Redio Maendeleo ya Bukavu ilifungwa zaidi ya mara moja na utawala wa RCD. Tarehe 14 Mei 2000 watu wa Katogota waliuawa, na Redio Okapi, ambayo leo tunaisikiliza kwa Kiswahili, ilikuwa haijazaliwa. Ilianza tarehe 25 Februari 2002. Redio bora kuliko zote, yenye mpini wa dhahabu, ingeweza kuwapa nini waliofiwa wa Mei ile, ikiwa kituo cha karibu kinaweza kuzibwa mdomo? Waandishi wawili wa Redio Okapi, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waliuawa Bukavu, wa kwanza mwezi Juni 2007, wa pili mwezi Novemba 2008. Anayetugawia vifaa vya kusikilizia huku akinyamaza juu ya usalama wa wanaosema, ametupa nusu ya msaada.

Nusu nyingine inayosahauliwa ni matengenezo. Betri ya ndani huzeeka. Mpini huvunjika, hasa mikononi mwa watoto. Redio iliyofungwa ili isifunguliwe, isiyo na kipuri sokoni, itaishia juu ya kabati kama pambo. E. F. Schumacher, katika kitabu chake cha mwaka 1973, Small Is Beautiful, alitaka ufundi uwe wa bei inayofikiwa na wengi, ufae kazi ndogo ndogo, na uache nafasi kwa akili na ubunifu wa mtumiaji. Miaka sita kabla yake, katika barua ya Populorum Progressio, Papa Paulo VI alikuwa amefundisha kwamba mataifa yanapaswa kuwa wajenzi wa maendeleo yao wenyewe. Kwa kipimo hicho, fundi redio wa sokoni, mwenye kibanda chake na chuma chake cha kuchomelea, ana thamani kuliko katoni kumi za redio zinazoshushwa kutoka garini.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Katika jimbo letu la Kivu Kusini, huko Mugogo, wanawake wa vijijini wa chama cha SAMWAKI, yaani Sauti ya Mwanamke Kijijini, waliunda vilabu vya kusikiliza na kuwa na redio yao, Bubusa FM. Walikaa pamoja, wakasikiliza, wakajadili kilimo, ardhi na haki zao, kisha wakarudisha maneno yao hewani. Hapo redio iliacha kuwa bomba la kumwagiwa habari, ikawa baraza.

Kwa hiyo, vijana, tunawaomba mambo matatu. Akija mtu yeyote na redio za kuzungusha, awe wa shirika, wa serikali au wa Kanisa, mpokeeni kwa heshima, kisha mwulizeni: Nani atazitengeneza? Nani atazishika nyumbani? Na sisi tutajibu kwa njia gani? Asipokuwa na jibu, msaidieni kulipata kabla hajafungua katoni. Pili, katika kila kikundi wawepo angalau wawili, mvulana na msichana, wanaojifunza kwa fundi kufungua redio, kuunga waya na kubadili betri. Tatu, kusanyikeni mara moja kwa juma kusikiliza taarifa moja kwa utulivu, mpime kilichosemwa, na mpeleke swali lenu kituoni kwa jina la kijiji chenu.

Hayo hayahitaji mfadhili. Redio moja iliyo nzima inatosha kuanza, hata kama ni ya betri. Itakapokuja ile ya mpini, itawakuta mko tayari, nayo haitapata nafasi ya kuwa pambo la kabati.