Saa 3 au Masaa 3? Programu Zetu Zijifunze Kusema Muda

Wanachuo wenzangu, nendeni bandarini Kyela, Itungi au Kiwira, siku ambayo MV Mbeya II inapakia abiria. Mtasikia maswali mawili. La kwanza: "Meli inaondoka saa ngapi?" La pili: "Mpaka Mbamba Bay ni masaa mangapi?" Hakuna anayeyachanganya. Anayeuliza "saa ngapi" anataka wakati wa kuondoka. Anayeuliza "masaa mangapi" anataka kujua atakaa ziwani muda gani, abebe chakula kiasi gani.

Sasa fungueni simu mkaiweke katika Kiswahili. Tofauti hiyo inapotea. Simu itaandika "saa 3", na kazi ya kubuni maana anaachiwa msomaji. Hoja yangu ni moja: programu huria tunazotumia na tunazotengeneza zimwachie mtumiaji achague muda uonyeshwe vipi, na kwa Kiswahili zianze na chaguo linalotenganisha urefu wa muda na saa ya ukutani. Kazi hiyo ni yetu. Tukiisubiri kutoka kwa mtu asiyejua tofauti ya "saa ngapi" na "masaa mangapi", tutasubiri sana.

Kwanza tujue tatizo linatoka wapi. Simu na vivinjari vingi havibuni maneno ya muda vyenyewe. Vinayachukua kwenye hifadhi ya data za lugha iitwayo CLDR, inayosimamiwa na Unicode Consortium. Humo, kipimo cha saa kwa Kiswahili kimeandikwa "saa" kisha namba. Kisarufi hakuna kosa hata kidogo. Lakini kwenye skrini, "saa 3" inabeba maana tatu. Inaweza kuwa muda wa saa tatu. Inaweza kuwa saa tatu yetu, ambayo Mzungu anaiita saa tisa. Na kwa aliyezoea kusoma tarakimu za simu, inaweza kuwa 3:00, yaani saa tisa yetu. Kuna lugha nyingine chache sana zenye mtego wa namna hii, kwa sababu sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo, halafu neno la wakati na neno la kipimo ni lilelile.

Tukizungumza, sarufi inatuokoa. "Saa tatu imefika" ni wakati. "Saa tatu zimepita" ni muda. Kiambishi kimoja tu kimemaliza utata. Ila kitufe cha simu hakina kitenzi. Kina neno na namba, basi. Ndiyo maana watu mtaani walishajitafutia dawa yao: wanasema "masaa".

Najua walimu wa Kiswahili wamekunja uso. Watasema "masaa" si sanifu, kwamba "saa" iko ngeli ya I-/ZI- na wingi wake ni "saa". Sawa, siwabishii. Anayetaka usanifu aandikiwe "muda wa saa 3". Anayetaka lugha ya stendi aandikiwe "masaa 3". Hiyo ndiyo maana ya kumpa mtumiaji uchaguzi. Nisichokubali ni kuachiwa "saa 3" kavu, eti kwa sababu ni fupi.

Mtu atasema nakuza jambo dogo. Tuangalie dawa. Mgonjwa anaandikiwa vidonge kila baada ya saa 8, yaani mara tatu kwa siku. Akitumia programu ya kumkumbusha yenye kitufe kilichoandikwa "kila saa 8", akakielewa kuwa ni kila ifikapo saa nane, ataweka kengele ya saa nane mchana. Atameza mara moja pale alipotakiwa kumeza mara tatu. Kama ni antibayotiki, hilo si dogo tena. Kitufe kingesema "kila baada ya masaa 8 (mara 3 kwa siku)", asingepotea.

Halafu kuna mpaka. Kasumulu iko upande wetu wa mto Songwe, ng'ambo ni Malawi, na saa ya Malawi iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Simu iliyo karibu na mto inaweza kunasa mtandao wa ng'ambo, na kama imeachiwa ijipange yenyewe, saa yake inarudi nyuma ghafla. Programu inayopima muda kwa kutoa saa ya kuanza kutoka saa inayoonekana kwenye skrini itamwambia dereva wa lori kwamba masaa mawili aliyoendesha ni moja. Lakini muda haujui mpaka. Masaa mawili ni masaa mawili, uwe Kasumulu au Karonga. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mtengenezaji ni hii: tunza muda kama idadi ya sekunde, au kwa muundo wa ISO 8601 ambao huandika saa nane kama PT8H. Namna ya kuonyesha ije mwisho kabisa, nayo iwe mali ya mtumiaji.

Mimi na wenzangu wawili tunaandika programu ndogo, msimbo wake uko wazi, ya kuwasaidia wakulima wa kakao wa Kyela kufuatilia uvundikaji. Kakao huvundikwa kwa kawaida siku 5 hadi 7, na wengi huigeuza kila baada ya siku mbili ili ivundike sawasawa. Mwenzangu mmoja alitaka skrini ionyeshe 48:00:00 ikishuka kuelekea sifuri, kama bomu la sinema. Nilimwonyesha mama yangu mdogo, ambaye ana mashamba Ipinda. Akatazama, akauliza, "Hii ni bei au ni nini?" Yeye anahesabu siku. Anachotaka kujua ni kama leo ni siku ya kugeuza au bado. Lakini kijana wa chama cha msingi anayekusanya kakao mbichi kutoka kwa wakulima wengi anataka masaa, maana masanduku yake yamejazwa kwa nyakati tofauti.

Wote wawili wana haki. Tukakubaliana kwamba mtumiaji achague mambo manne: kipimo kikubwa kabisa kinachoonyeshwa, kipimo kidogo kabisa, maneno au tarakimu, na kama ni "saa" au "masaa". Mama mdogo anaona "Imebaki siku 1". Kijana wa chama anaona "Yamebaki masaa 29". Sekunde zilizotunzwa ndani ni zilezile.

Jambo la kuangalia sana ni mpangilio wa maneno. Watengenezaji wengi huchukua namba, wakabandika neno la kipimo nyuma yake. Kiingereza kinaenda hivyo, ila Kiswahili kinatoa "3 masaa", kitu ambacho hakuna mtu anakisema. Dawa yake ipo siku nyingi: mpe mfasiri kirai kizima chenye nafasi ya namba, kama gettext inavyoruhusu, naye aiweke namba panapofaa. JavaScript nayo sasa ina Intl.DurationFormat, yenye mtindo mrefu, mfupi, mfinyu na wa tarakimu. Vifaa tunavyo.

Wapo watakaosema mipangilio mingi inamchosha mtumiaji. Kweli inamchosha, kama umemlazimisha aipitie yote kabla ya kutumia programu. Ndiyo maana chaguo-msingi lazima liwe zuri kiasi kwamba wengi hawatahitaji kuligusa. Lakini hakuna chaguo-msingi moja litakalomfaa mkulima wa Ipinda, nahodha na muuguzi kwa pamoja. Programu ya kampuni ikikataa, utanung'unika tu. Programu huria ikikataa, unafungua msimbo, unarekebisha, unatuma marekebisho.

Na tusijidanganye kwamba kazi hii ni ya wageni. Mwaka 2004, Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ilitoka kwa mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakati huo hata bando la intaneti halikuwepo mfukoni mwa mwanafunzi. Sisi tuna simu janja kila chumba cha hosteli, na bado tunaona tafsiri mbovu, tunapiga picha ya skrini, tunacheka kwenye grupu, basi imeisha hiyo.

Napendekeza hivi. Kila anayesoma kompyuta achague programu huria moja anayoitumia, aiweke katika Kiswahili, aandike kila mahali inapotaja muda. Palipo na utata, atume pendekezo kwa wenye mradi. Wanaosoma Kiswahili wakae nao meza moja, wabishane kuhusu "masaa" mpaka wapate maneno wanayoweza kuyatetea, kisha tuyapeleke CLDR, ambako mapendekezo ya lugha hupokelewa. Neno likikubaliwa pale, linaingia kwenye simu za watu ambao hatutawahi kukutana nao, kuanzia Kyela mpaka Bukavu.

Naomba kuwasilisha.