MAISHA SAHALI SI UMASKINI

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Sisi wanafunzi tunaipenda sana methali hii. Tunaiandika katika insha, mwalimu anatupigia alama ya vyema, kisha tukitoka darasani tunafanya kinyume chake. Shilingi ikiingia mfukoni haikai. Mwenye kiatu kizima anataka kingine, mwenye simu nzima anaililia mpya, na anayekuja shuleni na maji yake kutoka nyumbani huchekwa akaambiwa eti hana pesa.

Ndugu msomaji, makala yangu yanahusu jambo hilo hasa. Ninaamini kwamba kuishi maisha sahali, yaani kununua kidogo, kutumia kitu mpaka kiishe na kutupa kidogo, si umaskini wala si ushamba. Kwa watu wa kisiwani kama sisi ni akili. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza kabisa, tukumbuke tunaishi wapi. Mbwajumali iko katika kisiwa cha Pate. Unga, sukari, sabuni, soda, biskuti, sahani za plastiki, vyote vinakuja kwa boti, na boti yenyewe husubiri maji yajae. Kila kitu kina nauli yake, ndiyo maana bei ya dukani kwetu si bei ya Mombasa. Hilo sote tunalijua na tunalilalamikia kila siku. Lakini kuna jambo la pili ambalo hatulisemi. Boti ikishashusha mzigo hurudi na samaki, kamba na abiria. Hairudi na chupa tupu wala makaratasi ya biskuti. Takataka hazina nauli ya kurudi. Kinachoingia Pate kinabaki Pate, ama kinachomwa tukavuta moshi wake, ama kinaingia baharini. Kwa hiyo kila kitu tunachonunua tunakilipia mara mbili: mara ya kwanza dukani, na mara ya pili pale kinapokuwa taka.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili, na si kwa kuwa walikuwa malaika. Vitu vyao vilikuwa na mwisho mzuri. Utazame mnazi. Nazi ikikunwa na kukamuliwa, tui linaingia chunguni na machicha wanapewa kuku. Kifuu kinakuwa upawa ama kinakokea moto. Makumbi yanatoa usumba wa kusokotea kamba. Makuti yanaezeka, na chelewa zinafungwa zikawa ufagio. Sasa niambie, ndugu yangu, takataka iko wapi hapo? Mikeka ya miyaa na makawa ya kufunikia chakula, vikichakaa vinaoza na kuwa mchanga. Viatu vya ngozi vya Siyu vikikatika vinashonwa tena. Na lile jabia, sakafu pana inayokusanya maji ya mvua ya masika na kuyapeleka katika tangi, lilijengwa na watu waliojua kwamba maji ni ya kupimwa. Mtu aliyekulia kando ya jabia hamwagi maji ovyo. Hakuna aliyemwita maskini kwa sababu hiyo. Aliitwa mwenye busara.

Najua kuna watakaosema: "Huyu anataka turudi zamani, tuwashe kibatari na tulale gizani." La hasha! Sikusema hivyo. Si kila cha zamani ni chema. Mwaka wa 2009 majirani zetu wa Faza waliunguliwa na mji, na moto uliruka kutoka paa la makuti hadi paa jingine mpaka mamia ya nyumba yakateketea. Mtu akiezeka mabati baada ya hapo, nani atamlaumu? Taa ya jua, simu ya kumpigia daktari, mashini ya boti, vyote hivi ni neema na vibaki. Ninachopinga ni kununua kwa ajili ya macho ya watu.

Na hapa hatuna budi kuzungumzia harusi. Najua ni jambo la watu wazima, nao watanisamehe kwa kuwa ninasema kwa heshima. Harusi ya Kiswahili ninavyoielewa mimi ni ya mji mzima. Masufuria yanaazimwa, kina mama wanakuja kuchambua mchele na kukata vitunguu, wanaume wanapika pilau, na wageni wanakula katika sinia, watu wanne ama watano kwa sinia moja. Wakimaliza, masinia yanaoshwa na kurudishwa kwa wenyewe. Siku hizi mambo yamegeuka. Sinia limeonekana la kizamani. Chakula kinafungwa katika vijisanduku vya kutupa, kila mgeni na chake, na kijiko cha plastiki, na chupa ya soda, na chupa ya maji. Ongeza sare za kina dada, ambazo zikivaliwa usiku ule hazivaliwi tena. Kesho yake ukipita mahali pale utadhani upepo wa kusi umeleta taka za dunia nzima.

Taka hizo zinafagiliwa. Deni halifagiliwi. Mtaani kwetu nilimwona mvuvi mmoja akiuza mashini ya boti yake ili alipe deni la harusi ya bintiye. Alikuwa nahodha, akawa anakwenda kuvua katika chombo cha mtu mwingine kwa kugawana. Muhula uliofuata, mdogo wake bi harusi alikaa nyumbani wiki tatu kwa kukosa sare na pesa za chakula cha mchana. Nyumba ile ile ndiyo iliyotupa vijisanduku chungu nzima usiku wa harusi. Sisemi haya kumcheka mzee huyo. Nasema kwa sababu hakutaka kufanya vile. Alisema mwenyewe kwamba aliogopa watu wangesema. Basi waliosema ni nani? Ni sisi. Sisi wageni tunaopima mapenzi ya mzazi kwa idadi ya soda ndio tuliouza ile mashini.

Tusiwaonyeshe kidole watu wazima peke yao. Hebu tupige hesabu ya darasani. Tuseme mwanafunzi ananunua maji ya chupa ya shilingi 50 mara tatu kwa wiki. Hiyo ni shilingi 150. Muhula wa wiki 13 unamtoa shilingi 1,950 na kumwachia chupa tupu 39. Darasa la wanafunzi 40 likifanya hivyo, ni chupa 1,560 kwa muhula mmoja. Mwanafunzi mmoja katika shule ya kutwa, ambaye nyumba yao iko mwendo wa dakika chache, angeweza kubeba maji yake na ile 1,950 ikanunua vitabu. Na zile chupa 1,560 zitakwenda wapi? Jibu tumeshalisema: hazina nauli.

Plastiki haiozi kama kumbi la nazi. Jua na mawimbi huimegamega ikawa vipande vidogo vidogo, lakini haiishi. Kasa akiuona mfuko unaelea hudhani ni kiwavi wa baharini, akaumeza, na ukamziba tumbo. Sisi ni watoto wa wavuvi. Bahari ndiyo shamba letu, na hakuna mkulima mwenye akili anayetupa taka katika shamba lake.

Serikali imejitahidi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka wa 2006, Rwanda ikafuata mwaka wa 2008. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4 ama kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Tanzania bara nao wakaingia tarehe 1 Juni 2019. Tena tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja haviruhusiwi katika mbuga na hifadhi za wanyama za Kenya. Kwa kweli mifuko imepungua na vikapu vimerudi. Hili linatufundisha kwamba tabia inaweza kubadilika. Miaka michache tu kabla ya hapo watu walisema haiwezekani kwenda dukani bila mfuko. Leo mbona inawezekana?

Wapo pia walioonyesha kwamba taka yaweza kuwa mali. Katika miaka ya 1990, kule Kiwayu, watoto walikuwa wakichonga vitu vya kuchezea kutokana na ndara zilizoletwa na bahari, na kazi hiyo ikakua ikawa biashara ya vinyago vya ndara inayojulikana hata ng'ambo. Na mwezi wa Septemba 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda waliteremsha majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndara zipatazo 30,000. Mwaka wa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja, mwendo wa kilomita zipatazo 500. Mimi hujivunia sana jambo hili, kwa sababu ni ufundi wa mababu zetu uliofanya kazi mpya. Hata hivyo tusijidanganye. Hatuwezi kugeuza kila chupa kuwa jahazi. Dawa ya kwanza ni kutoinunua.

Kuna hoja moja nzito ambayo rafiki yangu alinibishia nayo, na ninaona haki kuijibu. Alisema: "Sisi Mbwajumali tunatupa nini? Wenye viwanda na miji mikubwa ndio wanaochafua dunia. Hata ndara nyingi zilizo ufuoni si zetu, zimeletwa na maji kutoka nchi za mbali. Kwa nini sisi wanyonge ndio tuambiwe tupunguze?" Anasema kweli. Wanaotumia sana ndio wanaodaiwa sana, na sitaki mtu wa Ulaya ama Marekani mwenye magari matatu anifundishe mimi kubana matumizi. Lakini sipendekezi tupunguze kwa ajili yao. Ile mashini ya boti haikuuzwa Ulaya. Ile shilingi 1,950 haikutoka mfukoni mwa tajiri. Tukiishi kwa sahali, wa kwanza kufaidika ni sisi wenyewe. Aidha, mwenye nyumba safi ndiye anayeweza kumgombeza jirani anayemwagia taka.

Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka wa 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004, alizuru Ujapani mwaka uliofuata akakuta wana neno "mottainai", linalobeba maana ya kusikitikia kitu kinachoharibiwa bure. Alilipenda akalitangaza duniani. Mimi nikajiuliza, je, sisi hatuna neno letu? Tunalo. Dini yetu imetufundisha neno israfu tangu tukiwa chuoni, na tukaambiwa ni jambo baya hata kwa mwenye nacho. Bibi zetu nao, wakiona punje za wali zimemwagika mkekani, huziokota na kutukemea. Tulidhani ni ubahili, kumbe ni elimu.

Sipendi kuandika makala ya kulaumu halafu niondoke. Kwa hivyo naomba Chama chetu cha Kiswahili kianze na mambo manne yasiyohitaji mfadhili:

Kwanza, sherehe ya chama ya mwaka huu iliwe katika masinia, bila sahani wala vijiko vya kutupa. Masinia tutaazima mtaani, na kuyaosha ni zamu.

Pili, kila mwanachama aje na kikombe na chupa yake ya kutumia tena. Anayemcheka mwenzake kwa kubeba maji atozwe faini ya kukariri methali kumi mbele ya gwaride.

Tatu, wanaomaliza kidato cha nne waache sare na vitabu vyao katika chumba cha chama, wapewe wanaoingia. Sare iliyofuliwa na kupigwa pasi haina jina la aliyeivaa kwanza. Huenda ikamrudisha mtu darasani.

Nne, chupa tupu zote za shule zikusanywe katika magunia, na tuwaombe manahodha wanaorudi Lamu watupu wazichukue. Hapo angalau nauli ya kurudi tutakuwa tumeitafuta.

Kuhusu harusi, sisi hatuna amri. Lakini sisi ndio maharusi wa kesho. Kila kijana anayesoma makala haya anaweza kumwambia mzazi wake mapema, kwa adabu, "Mimi nitatosheka na pilau ya sinia na dua za watu." Neno hilo likitoka kwa mwana mwenyewe, mzazi hatakuwa na mtu wa kumwogopa.

Wenzangu, tuliyo nayo si haba. Tuna bahari, tuna minazi, tuna jabia na tuna watu wanaoazimana masufuria. Kuna walioko mijini ambao wana pesa na hawana jirani wa kumwazima hata kiberiti. Tusiuze utajiri huu kwa soda. Haba na haba hujaza kibaba, na ukweli ni kwamba haba na haba hujaza ufuo taka vilevile. Uamuzi ni wetu.

Yangu ni hayo. Mwenye kupinga na aandike, uwanja uko wazi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu